Maksai Wawili kwa Pawasoo Moja

19 Oktoba 1997, Jumapili
Mwalimu Muthoki wa ngumbaru, masomo yetu ya watu wazima, amefunga darasa kwa sababu mvua inanyeshea ubao. Amempa kila mtu daftari na kusema tuandike kila siku, na tarehe juu, ati tusisahau herufi. Mimi Kalunde, mke wa marehemu Ndululu, sisahau kitu. Lakini nitaandika, asije akasema nilikataa.

22 Oktoba
Mvua.

24 Oktoba
Mvua. Kwa redio wanaiita Elnino. Mvua yenye jina la mtu, na hakuna anayejua ukoo wake. Nilimwambia Nthenya, mke wa mwanangu, kitu kisichojulikana kwao ukikikaribisha kinakula mbegu. Akacheka. Atacheka mbegu zikioza.

29 Oktoba
Upepo umeangusha miti minne kwa shamba. Kisemei mmoja, miuuku miwili, na mukau mkubwa wa Ndululu. Huo mukau niliupata hapa nilipoolewa. Mume wangu alikuwa akitundika mizinga kumi na mmoja juu yake, na kila mzinga una alama ya ukoo wetu, mishale miwili na mwezi. Alama hiyo hiyo aliichonga kwa shina kwa kisu. Bado iko. Nimeifuta matope kwa kanga.

Kwetu mzinga usio na alama ni wa mtu mvivu. Mzinga wenye alama ya ukoo mwingine ni wa mwizi. Hata mtoto anajua.

30 Oktoba
Nyuki wamehama. Mzee Mulei wa ng'ambo ya kijito alikuja kuangalia mti. Huyu ndiye aliyekuwa akipasua mbao kwa msumeno wa shimo siku za zamani, mmoja juu, mmoja chini anakula unga wa mbao. Alipima shina kwa mkono: shibiri tatu na nusu kwa upana. Akasema, "Mama Mutunga, hapa kuna paa la nyumba yako na mlango na kitanda, na mchwa atakufa njaa." Paa langu linavuja sehemu sita. Nimeweka sufuria.

3 Novemba
Leo niandike mengi.

Mwanangu Mutunga amerudi kutoka Kibwezi na mtu anaitwa Kahiga, ana duka la vyuma kule barabarani. Ni mtu wa Nyeri, tumbo liko mbele, viatu safi kwa matope, jambo ambalo mimi sijalielewa. Walishusha mashine kwenye gunia. Ni pawasoo, msumeno wa injini, rangi ya machungwa, una upanga mrefu wa chuma na mnyororo wa meno unaouzunguka. Una jina kubwa la Kizungu ubavuni.

Mutunga akasema, "Mwaitu, mama yangu, hii ndiyo kazi. Miti imelala kila boma kutoka hapa hadi Mutomo. Nikiwa na hii sitaenda tena kubeba mawe kule Salama."

"Na Kahiga anataka nini?"

Mutunga akaangalia ndoo. Kahiga ndiye aliyejibu. "Cucu, nimepata shamba la maji karibu na mto. Nataka maksai wawili wa kulima."

Nilimwambia mimi si cucu yake, nyanya yake yuko Nyeri anamngoja na chai. Na maksai wawili ndio wangu, Ndune na Soja. Nimewafundisha jembe mwenyewe baada ya Ndululu kufa. Bila hao tunalima kwa mkono kama kuku.

"Hii ni ile yenyewe," Kahiga akasema, akipiga jina kwa kidole. "Ile ya wazungu."

"Kama ni yenyewe mbona inataka ng'ombe wawili tu?"

Akasema ni kwa sababu ya urafiki na Mutunga. Urafiki wa lini? Mutunga alimjua Septemba.

Nilipatana nao hivi, Mulei akiwa shahidi. Mashine ibaki hapa. Ijaribiwe kwa miti yangu, kuanzia mdogo. Ikikata ule mukau mkubwa vipande bila kufa, Kahiga aje achukue maksai. Ikifa, aje achukue mashine yake na gunia lake. Kahiga alikubali upesi. Mtu akikubali upesi mimi sipendi.

4 Novemba
Kahiga alisema upanga una inchi ishirini na mbili. Mulei ana futi yake ya zamani. Tumepima. Kumi na nane.

Mutunga anasema wanahesabu pamoja na sehemu iliyo ndani. Mimi nikipimiwa mahindi sihesabiwi pamoja na yale yaliyo shambani.

5 Novemba
Kisemei. Mutunga alivuta kamba ya kuwasha mara thelathini na moja. Nilihesabu kwa sauti, akakasirika. Ilipowaka ilitoa moshi kama mzinga unaofukizwa. Lakini ilikata. Sina saa, napima kwa wimbo wa kanisani, ule mrefu wa kuzika. Gogo la shibiri moja na nusu, ubeti mmoja na kibwagizo. Mulei akasema angetumia nusu saa. Nilimwambia asisifu mapema.

6 Novemba
Mvua. Haikufanywa kazi.

9 Novemba, Jumapili
Daraja la kwenda Kibwezi limefunikwa na maji. Pasta ameombea walio ng'ambo. Nikafikiri Kahiga yuko ng'ambo. Sikuomba kinyume, lakini sikuomba sana.

11 Novemba
Ajabu. Leo imewaka kwa kuvutwa mara mbili tu. Mutunga akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Niliweka mkono kwa injini papo hapo, kabla haijakata kitu. Tayari ilikuwa na joto.

Niliuliza Nthenya. Nthenya hawezi kudanganya, masikio yanatikisika. Kumbe mume wake anaamka alfajiri, anaibeba hadi nyuma ya kijito na kuiwasha huko, ipate joto, ndiyo nikiamka ivutwe mara mbili.

"Mutunga," nikamwambia, "unamdanganya mama yako kwa ajili ya chuma?"

"Sikudanganya, Mwaitu. Niliipasha tu."

"Hata mwizi wa mbuzi husema alimshika tu kamba."

Alienda bila kunywa chai. Tangu lini mtoto wangu amejua kupanga mambo namna hii? Amejifunza Kibwezi. Sasa nachunga wawili, mashine na yeye.

14 Novemba
Muuku wa kwanza. Shibiri mbili na nusu. Beti tano. Katikati mnyororo ulilegea, ukatoka kwa upanga. Wakaukaza. Nati moja ilianguka kwa matope kwa kutikisika na haijaonekana. Wamefunga hapo na mpira wa tyubu. Mashine ya wazungu imefungwa na mpira wa baiskeli.

15 Novemba
Inavuja oili. Nimeweka kibati chini.

18 Novemba
Muuku wa pili, shibiri tatu. Upanga haufiki ng'ambo, inabidi wakate upande huu, halafu wazunguke. Beti kumi na moja, na mapumziko mawili, kwa sababu ikipata moto inazima na haiwaki tena mpaka ipoe. Inapumzika kama mzee. Lakini ilimaliza. Vipande vinne, vimenyooka. Siwezi kuandika uongo kwa daftari la mwalimu: vimenyooka.

Mutunga alikaa juu ya gogo, uso umejaa unga wa mbao, anacheka peke yake. Sijamwona akicheka hivyo tangu baba yake afe. Hilo nalo limenitia wasiwasi. Mtu akipenda kitu hivyo haoni kasoro zake.

20 Novemba
Ndune ana kupe sikioni. Nimetoa.

25 Novemba
Mvua siku nne mfululizo. Sufuria hazitoshi, nimeweka na beseni la kuogea.

1 Desemba
Nthenya ameniambia Mutunga ameshaahidi watu watatu wa Ikutha kwamba atawapasulia miti. Kabla ya mukau kukatwa. Kabla ya neno langu. Kwa hivyo maksai wangu wameshatolewa kwa mdomo.

Nimehamisha Ndune na Soja, wanalala karibu na dirisha langu.

4 Desemba, Alhamisi
Naandika nikiwa Mutomo, kwa benchi ya hospitali ya misheni. Nitaandika sasa, kwa maana nikingoja nitakuwa mtu wa kusimulia hadithi.

Asubuhi mvua ilitulia. Mutunga alisema leo ni mukau. Nilikuja na kiti. Alichora mahali pa kukata kwa makaa, sehemu tatu. Alama ya kati ilipita karibu sana na mishale na mwezi wa Ndululu.

Nikasema, "Hapo hapana. Utakata alama ya baba yako."

"Mwaitu, nikisogea nitapata mbao fupi."

"Sogea shibiri moja kwenda chini. Mbao fupi itaezeka choo."

Mulei akasema, "Msikilize mama yako, au utakula nyumba gani leo?" Majirani waliokuja kutazama wakacheka. Mutunga akafuta makaa, akachora tena nilipomwonyesha kwa kidole changu.

Sehemu ya kwanza, beti kumi na tatu, mapumziko mawili. Ilipita. Kahiga angekuwa hapa angeanza kunitazamia zizi.

Sehemu ya kati. Ubeti wa kwanza, wa pili. Wa tatu sikuumaliza. Mlio ulibadilika, ukalia kama chungu kikikwaruzwa na kijiko. Cheche zikatoka ndani ya mti. Kisha mnyororo ukakatika ukaruka kama nyoka, na Mutunga akakaa chini. Suruali ilikuwa imefunguka kutoka goti hadi chini, na mguu pia. Mfupa niliuona. Ulikuwa mweupe.

Nilifunga kwa kanga. Trekta ya shule ilitubeba. Njia nzima anasema, "Mwaitu, pole. Mwaitu, mashine iko wapi?" Nikamwambia akiuliza mashine tena nitamshusha.

Ameshonwa. Wamesema mguu utabaki. Nimeandika.

5 Desemba
Bado Mutomo. Nje ya wadi kuna mti ulioangukia ua, na mfanyakazi wa misheni alikuwa akiukata kwa pawasoo. Rangi ya machungwa ile ile. Jina lile lile, au ndivyo nilivyodhani. Nilimwambia azime. Alidhani nimechanganyikiwa na msiba, akazima.

Nimesoma jina herufi kwa herufi, kidole juu yake, kama Mwalimu Muthoki anavyotaka. Nimeandika kwa kiganja. Herufi nane.

7 Desemba, Jumapili
Tumerudi jana. Kabla ya kuvua viatu nilienda kwa mashine. Nimehesabu mara tatu. Saba.

Herufi moja haipo. Yaani mtu alikaa mahali, akatengeneza mashine yake, akaipaka rangi ya mwingine, akaandika jina la mwingine, na akaogopa kuliandika lote. Huyu ni mtu ametundika mzinga wake na kuchora alama ya ukoo wa jirani. Vijana husema kitu kama hicho ni Taiwan. Mimi nasema ni wizi, na umemkata mwanangu mguu.

Kanisani wakati wa ushuhuda nilisimama. Nikasema mbele ya wote kwamba Kahiga wa Kibwezi ni mwizi, ameleta mashine ya uongo, na mguu wa Mutunga uko kwa kichwa chake. Kina mama wakaguna. Nilikaa chini na moyo mweupe. Mwezi mzima nimekuwa nikisema, na sasa imeonekana nani alikuwa na macho.

12 Desemba
Jamhuri. Mvua.

15 Desemba
Mutunga haongei na mimi. Anakaa na tupa ananoa meno ya mnyororo uliokatika, jino kwa jino, kama mtu anayesugua meno ya maiti. Nilimwambia atupe. Akasema, "Mwaitu, meno yote ni mazima upande huu. Upande ule kumi na moja yameisha kabisa. Mti haumalizi meno hivyo."

"Ni meno ya Taiwan."

Akaendelea kunoa.

25 Desemba
Krismasi. Jogoo alikuwa mgumu.

29 Desemba
Kura. Nimepiga. Siandiki nilimpigia nani, Nthenya anasoma hili daftari.

6 Januari 1998
Mulei amekuja na msumeno wake wa mkono, shoka na kabari kumalizia mukau. Anasema mti usilale, utapasuka vibaya. Mpwa wake anamsaidia. Paa litapatikana kwa jasho la watu, na maksai wako zizini. Mambo yamekaa jinsi nilivyotaka.

9 Januari, Ijumaa
Mulei alikuja jikoni peke yake. Hakukaa. Akatoa kitu kwa mfuko wa koti, akakiweka juu ya jiwe la kusagia.

"Nimepasua ile sehemu ya kati kwa kabari," akasema. "Hii ilikuwa ndani, vidole vinne kutoka kwa gome. Imezunguka shina lote."

Ilikuwa seng'enge. Waya wa miiba, umeliwa na kutu, na sehemu moja imekatwa juzi, inang'aa.

Nilisema nani ameweka waya ndani ya mti wangu. Mulei akasema, "Mama Mutunga, mtu haweki waya ndani ya mti. Huweka nje, na mti unameza. Fikiria ulikuwa mwaka gani."

Alienda. Nimefikiria.

Ulikuwa mwaka wa njaa ya ndeke, chakula kikishuka kutoka kwa ndege. Asali ndiyo tuliyokuwa nayo, na nyegere alikuwa akipanda usiku anavunja mizinga. Ndululu akapata seng'enge, sijui wapi, sikuuliza. Akaizungusha kwa shina, miiba nje, nyegere asipande. Halafu akachora alama ya ukoo shibiri moja juu ya waya, na kusema, "Sasa huu mti una mwenyewe na una askari." Mukau ulikuwa mwembamba kuliko sasa. Mtu mmoja alizungusha na koleo. Mtu mwingine alishika ule mwisho wa waya usirudi nyuma. Nina kovu kwa kidole gumba cha kushoto. Nimeliangalia leo kama la mtu mwingine.

Mutunga alichora makaa mahali pengine. Mimi ndiye niliyemsogeza.

10 Januari
Sikuandika.

11 Januari, Jumapili
Nimeenda kanisani na waya kwa mfuko. Nimerudi nao nyumbani. Pasta aliniuliza nina nini, nikasema naumwa na jino.

13 Januari
Hakuna anayejua ila Mulei, na Mulei ni kaburi. Kahiga bado ana jina la uongo kwa mashine. Hilo si la uongo, nimehesabu herufi. Kwa hivyo mwizi ni mwizi.

Nimeandika hivyo nikasoma tena. Mwalimu anasema tusome tulichoandika. Nilisoma mpaka ule ukurasa wa kwanza, pale niliposema sisahau kitu. Nilitaka kuung'oa. Daftari la serikali haling'olewi.

16 Januari
Mutunga ametembea hadi zizini bila fimbo. Anachechemea. Alimkuna Soja paji la uso, akarudi.

18 Januari, Jumapili
Nimesimama. Pasta alidhani ni jino. Niliinua waya juu wote wauone.

Nikasema, "Nilisema hapa kwamba Kahiga ni mwizi na mguu wa mwanangu uko kwa kichwa chake. Nirekebishe. Mashine yake ina jina la wizi, hilo nimehesabu. Lakini mnyororo haukukatwa na jina. Ulikatwa na huu waya, ambao mimi na baba yake Mutunga tuliufunga, na mahali pa kukata nilionyesha mimi kwa kidole changu. Mguu ni wangu. Herufi ni zake."

Nikakaa. Hakuna aliyeguna. Mutunga alikuwa upande wa wanaume na sikuweza kuona uso wake. Baadaye nje alichukua waya kutoka mkononi mwangu, akautazama, akasema, "Mwaitu, hii ilikata meno kumi na moja tu?" Akacheka. Nilimwambia hapa ni kanisani.

24 Januari
Maji yamepungua. Kahiga amevuka. Safari hii viatu vina matope. Alikuwa ameshasikia yote, ya kwanza na ya pili, kwa maana neno huvuka mto kabla ya gari.

Nilimpa chai kwanza. Halafu nikaweka mashine mbele yake, na kiganja changu ambacho nimeandika tena herufi nane kwa kalamu.

"Soma hii. Sasa soma yako."

Alisoma akisogeza midomo. Akasoma tena.

"Cucu," akasema, "niliuziwa Nairobi. Mimi nilijua rangi tu. Sikuwahi kuhesabu herufi."

Sijui kama ni kweli. Ninaandika alivyosema. Jasho lilimtoka, lakini chai ilikuwa moto.

Akasema, "Basi nibebe mashine yangu. Tulipatana ikifa nichukue."

Hapo Mutunga aliangalia chini. Hakuomba. Angekuwa ameomba, sijui ningefanya nini. Ni kwa sababu hakuomba ndiyo nikasema nilichosema.

"Haikufa," nikasema. "Iliuawa. Wewe ulileta uongo nje, mimi nikakaa na waya ndani. Nitakupa maksai mmoja, si wawili. Mmoja ni wa mashine isiyo na jina. Jina uende nalo Kibwezi."

"Maksai mmoja halimi, Cucu."

"Pawasoo ya inchi kumi na nane haifiki ishirini na mbili."

Mulei alicheka hadi akakohoa. Kahiga naye akacheka mwishowe, akanyoosha mkono, na kuongeza mnyororo mpya uliokuwa kwa gari. Ameenda na Soja. Soja ana tabia ya kulala kwa mtaro wa jembe jua likipanda. Sikumwambia. Hakuuliza.

26 Januari
Mutunga amefuta jina kwa tupa mpaka plastiki ikawa nyeupe. Kisha akapasha msumari kwa jiko, na mimi nikamshikia mashine isiteleze. Mishale miwili na mwezi. Mwezi umepinda kidogo. Nilimwambia. Akasema hata wa baba ulikuwa umepinda. Ni kweli, umepinda.

2 Februari
Ndune analima na maksai wa Mulei. Wanavuta kila mmoja kwake.

8 Februari, Jumapili
Mwalimu Muthoki amesema ngumbaru inafunguliwa kesho, turudishe daftari. Nimemwambia langu limeloa.

10 Februari
Paa limepanda. Sufuria zimerudi jikoni.

Leo Mutunga alienda kwa boma la kwanza la Ikutha, na mimi nikaenda naye, ingawa alisema nipumzike. Mgunga mkubwa, shibiri tatu. Alipotaka kuvuta kamba nilimwambia angoje. Nilizunguka gogo lote nikipapasa kwa mikono miwili, chini na juu, nikagonga kwa jiwe, nikasikiliza. Mwenye boma aliuliza, "Susu, nyanya yetu, hamuiamini mashine yenu?"

Nikamwambia mashine siiamini, gogo lake siliamini, na mke wa Ndululu ndiye nisiyemwamini kabisa. Kisha nikamwambia Mutunga avute, nikaanza wimbo.